Peke Yangu Juu ya Mgongo wa Kunguru

Jumatano, 11 Juni

Chai! Nichemshe chai!

Ifan amekuja mchana. Mtoto wa kaka yangu, tena kiongozi wa kikosi cha uokoaji tangu Krismasi. Amekaa kwenye kiti changu, amekula keki yangu ya zabibu kavu, siagi unene wa kidole juu yake — alipokwisha shiba ndipo akafungua mdomo. Eti wenzake wa kamati wameonelea nikae kituoni. Nipokee simu. Niwachemshie chai wakirudi. Kamba na mawe niwaachie vijana.

Wenzako akina nani? Akaiangalia siagi.

"Ni hilo goti, shangazi. Na sitini si mchezo."

"Sitini ni yangu na goti ni langu. Nani alikufundisha kushika jiwe?"

"Wewe, shangazi."

"Basi!"

"Basi nini? Kura ni kesho kutwa ya kesho kutwa, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Mimi nimekuja kukuambia mapema usije ukasikia njiani."

Asante ya punda. Nimewashusha watu mlimani kabla yeye hajaota jino. Halafu akaondoka na keki iliyobaki ampelekee mkewe — na mimi, mjinga, nikamfungia!

Alhamisi, 12 Juni

Kijiji kizima kinajua. Tecwyn Bucha, kisu kikiwa mbavuni mwa kondoo: "Nasikia unastaafu, Mererid." Mbele ya foleni! Nikamwambia astaafu yeye, kisu chake kimeanza kuwa butu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Simu ya mezani hailali. Kila mtu pole, pole, kama nimefiwa. Nimechomoa waya.

Jioni akaja Heulwen wa nyumba ya mbele, kisingizio mayai. Nikamweleza kabla hajaanza pole yake: Jumamosi napanda Mgongo wa Kunguru, ule ukingo mwembamba wa mlima. Mwanzo hadi mwisho. Bila kamba, bila mtu. Jumapili nitasimama mbele yao vidole vikiwa vimechubuka, halafu wapige kura yao wakiniangalia usoni.

"Peke yako? Na mvua hii?"

"Mvua na mimi tumezaliwa mtaa mmoja."

Akanung'unika. Kisha akasema ataliangalia jagi. Najua ataliangalia! Mtaa wetu wote ndivyo ulivyo, tangu enzi za babu zetu wachimba mawe: anayepanda mlimani hulifudikiza jagi la maziwa dirishani, akirudi hulisimamisha. Ikifika saa moja jioni jagi bado kichwa chini, jirani anawaita watu. Heulwen hulitazama jagi la mwenzake zaidi kuliko anavyotazama sufuria yake.

Jumamosi, 14 Juni. Asubuhi

Goti kimya. Mawingu juu ya mlima, si mengi. Mkate, jibini, chupa ya chai, filimbi shingoni. Redio ya kikosi nimeizima, nikaitupa kwenye droo — si wanataka niikalie? Itanisubiri.

Jagi nimelifudikiza. Naenda.

Mchana, juu ya Mgongo

Mikono imekufa ganzi, mwandiko huu ni wa kuku. Lakini niko juu! Nimeketi kama nimepanda farasi, mguu mmoja upande wa ziwa, mwingine upande wa kijiji, na chini ya nyayo zote mbili hakuna kitu. Upepo tu. Mapaa ya mtaa wetu yanaonekana madogo, moshi unatoka kwa Heulwen.

Sehemu nyembamba nimepita kwa mikono juu ya ukingo, miguu ikitafuta pa kukanyaga upande wa ziwa. Jiwe limelowa lakini linashika. Unaligonga kwanza kwa kiganja. Likilia kama mtungi mtupu unaliacha. Moja, pale Jino linapoanzia, lililia. Nikaliacha. Nani mwingine kikosini angelisikia?

Chini ya lile jabali tunaloliita Jino nimekutana na mume na mke, makoti ya rangi moja, wametoka mjini. "Bibi, umepotea?" Bibi! Wakanipa chokoleti. Wakauliza kama nina mtu wa kunishika mkono. Nikawaambia ninyi ndio mmekosea njia, huko mnakokwenda ni kwenye genge, mtaanguka, rudini mlikotoka. Wakarudi. Asante hawakusema. Chokoleti nimekula.

Limebaki Jino, halafu mteremko. Ukungu unaingia. Acha uingie.

Jioni

Nimeumaliza Mgongo! Wote! Jino nimelipanda kwenye mvua, mashavu yamebanwa kwenye jiwe, natukana majina ya wanakamati mmoja mmoja kila ninaposhika. Juu kabisa nikapiga kelele. Furaha niliyoipata sitaieleza hapa, nitaieleza kesho kwa Ifan.

Kwenye mteremko goti likateguka. Kidogo! Simu ya mkononi ikatumbukia kwenye dimbwi, imekufa. Wale wa makoti wakanipita tena kwa mbali nikichechemea, wakapunga mikono. Nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Nimerudi kwa njia ya nyuma, kupitia malisho ya kondoo. Sikutaka mtaa unione natembea hivi. Wangefurahi mno. Nimeingia kwa mlango wa jikoni, buti nimevua hapo hapo, nimejaza bafu maji ya moto na kuwasha kanda ya kwaya kwa sauti ya juu. Mtu akagonga mlango wa mbele. Akagonga sana. Ni Heulwen, nani mwingine, anataka kuhesabu michubuko. Nikazamisha masikio majini.

Saa mbili na ushei, jua bado lipo kama kila Juni huku kwetu

Helikopta! Imepita juu ya paa, vikombe vimetetemeka. Inakwenda Mgongo wa Kunguru.

Na sikuitwa! Kura haijapigwa, bado mimi ni mtu wa kikosi, na wametoka wote bila kuniambia! Ndiyo, simu imekufa na ile nyingine haina waya, lakini miguu hawana? Nyumba yangu hawaijui? Wamekwisha nizika, hao. Na huko juu ni mjinga gani tena? Mtu wa mjini na viatu vya kanisani, bila shaka.

Nimeitoa redio kwenye droo. Nasikiliza. Ni mwanamke. Miaka kama sitini, peke yake. Mume na mke walimwona mteremkoni, anachechemea. Kha! Sitini, peke yake, kwenye ukungu, mguu mbovu! Watu kama hao ndio wanaotuharibia jina. Nami nilipita hapo hapo, mbona sikumwona?

Ifan yuko kwenye Jino. Kwenye jiwe lililolowa, jioni hii. Mtu anamwambia ashuke, kiza kitamkuta. Anajibu hashuki. Sauti yake si nzuri. Anasema yule ndiye aliyemfundisha kushika jiwe, naye Ifan alimwambia maneno mabaya juzi.

Nimesoma tena nilichoandika.

Nimekwenda dirishani. Mtaa mzima uko nje, wanatazama juu. Tecwyn ana mablanketi mkononi. Heulwen amekaa kwenye kizingiti changu — changu! — aproni usoni, mabega yanamruka. Na hapa mbele ya pua yangu, kwenye ubao wa dirisha, jagi. Kichwa chini. Kama nilivyoliacha asubuhi.

Nimelisimamisha. Heulwen hajainua uso.

Redio iko mkononi, kitufe chini ya kidole. Nikibonyeza, wote watasikia, kikosi kizima, na rubani, na kamati. Niseme nini? Niko salama, niko nyumbani, nina taulo kichwani? Kesho ni kura! Lakini yuko kwenye Jino, na lile jiwe linalolia liko upande wake wa kushoto, na hajawahi kuwa na subira ya kugonga. Mstari huu tu, kisha nabonyeza.

Anaita tena. Sasa hasemi na kituo, anapiga kelele huko nje, redio inachukua tu.

"Shangazi! Kama unanisikia, piga filimbi!"

Filimbi iko jikoni, nimeianika juu ya jiko; naifuata, niipulize redioni.