Bingwa wa Kukunja Taulo

Labuan Bajo, Jumatano

Dada Nurmala mpenzi,

Mdogo wako ni mzima, tena mzuri kuliko ulivyomwacha. Boti letu limejaa Wajerumani wanaolala humo humo na kupiga mbizi kisiwa hadi kisiwa. Bibi mmoja amesema hajaona duniani mtu wa kukunja taulo ikawa bata kama mimi. Ndiyo, taulo. Nafua pia mashuka na kusugua vyoo, na mpishi Yohanes ananiita Mama Vyumba.

Usicheke kwanza. Mwezi uliopita nilishikwa na mafua, nahodha akaniambia, "Rusdin, leo usiingie majini." Mgeni mmoja akatania, "Mbajo, mtu wa kabila la bahari, naye anaogopa maji?" Mimi na mdomo wangu, nikajifunga mtungi wa hewa nikawatangulia chini. Kwa pua ile iliyoziba, ngoma ya sikio la kushoto ikapasuka. Daktari amenikataza kupiga mbizi maisha yangu yote.

Baba nilimwambia bado ninaongoza wageni chini ya maji. Sasa nasikia amealika majirani wote gatini Jumamosi, tutakapotia nanga hapo kisiwani kwetu Mesa, wamwone mwanawe akiruka majini. Dada, nimeshindwa kula kwa aibu.

Nilitaka umzuie nyumbani kwa uongo wowote. Nimeghairi. Mwambie ukweli wewe, kwa sababu mimi nikimwona anasubiri niruke, nitaruka. Akija hata hivyo, nitashuka na aproni yangu nimwamkie mbele ya watu. Ila asimame kulia kwangu, maana huku kushoto hata akinitukana sitamsikia.

Wako mwenye mdomo,
Rusdin