Kondoo Sita wa Mama Nyaguthii

Shule ya Wasichana,
S.L.P. 214,
Garissa.
9 Juni 1996

Mpendwa mjomba wangu, Abti Hamze,

Assalamu alaikum. Habari za baridi ya Nanyuki? Goti lako limepata nafuu, na Mama Shamis bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila joto limetufanya tusogeze vitanda vyote karibu na madirisha. Mama ameandika kutoka Griftu. Mbuzi wamezaa vizuri, na Baba amerudi salama kutoka malishoni.

Asante kwa likizo ya Aprili. Nilipaswa kukushukuru mwezi uliopita. Nilianza barua mara tatu, na kila nilipofika kwenye neno "asante" nilishindwa kuendelea.

Hapa shuleni nimesifiwa kwa sababu ya likizo hiyo. Madam Kathure, mwalimu wetu wa Jiografia, alitaka mmoja wetu aeleze jinsi watu wa mji wa mlimani wanavyojiburudisha, nami nikasimama. Nilieleza njia ya kupanda hadi kwenye maporomoko, farasi wa kukodisha, mabwawa ya kuvulia samaki, na familia zinazotandika mkeka kando ya mto kutazama maji tu. Nurto, ninayekaa naye dawati moja, akauliza, "Walahi, mtu mzima anapanda kilima halafu anashuka, na hakuna mnyama aliyempotea?" Darasa zima likacheka. Mwishoni nilipigiwa makofi. Nilikaa chini nikitazama kalamu yangu, kwa maana nilikuwa nimeruka jambo moja.

Abti, wale kondoo wa Mama Nyaguthii niliwaleta mimi.

Ilikuwa siku ile ya matembezi, wiki moja kabla ya Idd. Wewe na Mama Shamis mlibaki mtoni, mimi na binti yako Filsan tukatangulia nyumbani kwa sababu alisikia baridi. Tulipopita kwenye kile kigeti kidogo ambacho Mama Nyaguthii huwaachia wazi watu wanaokwenda maporomoko, niliwaona kondoo sita mteremkoni. Hapakuwa na mchungaji. Niliita mara mbili, hakuna aliyeitika, na jua lilikuwa limeanza kushuka. Kwetu boma ni miiba iliyokatwa ikakaukia pale. Ile miti ya kijani yenye maua, iliyopandwa kuzunguka shamba, mimi niliiona kichaka tu. Sikujua kuwa nimesimama ndani ya boma la mtu.

Nikasema hao ni baadi, wanyama waliopotea. Baba alinifundisha tangu utotoni kwamba ukikuta baadi unamhifadhi, kisha unamtangaza mpaka mwenyewe apatikane, na ukimwacha akaliwa na fisi umemkosea mwenye mali. Filsan aliniambia, "Dada, hao wana mwenyewe, wacha!" Nikamjibu, "Wewe mtoto wa mjini, unajua nini kuhusu kondoo?" Niliwaswaga hadi kwako na kuwafungia nyuma ya nyumba, pamoja na kondoo wako wa kuchinja. Kusema kweli nilijivuna. Nilingoja urudi kutoka msikitini, ulikopitia baada ya mtoni, ili unisifu, kisha ukawatangaze sokoni.

Lakini ulirudi na Mama Nyaguthii akiwa nyuma yako pamoja na mwanawe, wamefuata alama za kwato. Nilikuwa jikoni nikasikia kila neno. "Hamze, ni wewe? Miaka kumi na miwili nakuuzia kondoo mimi mwenyewe. Leo umechoka kununua?" Hapo ndipo nilipoelewa mtu angefikiri nini akikuta kondoo wake katika zizi la mwenye bucha, tena Idd ikikaribia.

Uliingia ukauliza, "Nani ameleta hawa?" Nami nikasema, "Sijui, Abti." Filsan alifungua mdomo, nikamfinya mkono chini ya shuka tulilojifunika. Wewe ukatoka nje ukamwambia, "Wamekutwa kwangu, basi kosa ni langu." Uliinamisha kichwa mbele ya mwanawe, kijana mdogo kuliko kaka yangu. Bado naiona kofia yako ilivyokaa wakati ule. Usiku huo ulinipa kipande kikubwa cha nyama kwa sababu mimi ni mgeni, nami nikakila.

Kuwahifadhi wale kondoo lilikuwa kosa la mtu asiyejua. Lile "sijui" lilikuwa la mtu anayejua kabisa.

Juzi nilipata barua ya Filsan. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Alisema tu kwamba kigeti kimetiwa kufuli, kwamba watoto wa mtaa hawafiki mtoni tena ila kwa kuzunguka barabara ya lami, na kwamba wapo wanaopita buchani kwako wakiuliza, "Leo tunakula kondoo wa nani?" Nilisoma maneno hayo chooni, mahali pekee hapa shuleni ambapo mtu analia peke yake.

Nimemwandikia Mama Nyaguthii. Mwishoni mwa barua yake Filsan aliniwekea anwani ya duka ambako mama huyo huchukulia barua zake. Nimemweleza yote, kuanzia ua wa kijani hadi neno "sijui", na kwamba wewe hukujua lolote. Barua hiyo niliiposti jana, kabla ya kuandika hii. Nilijua kwamba nikianza na yako nitangoja jibu lako, na ukiniambia kwa huruma yako yaliyopita yamepita, nitafurahi na kunyamaza tena.

Huenda akaja kwako. Tafadhali usinitetee. Ikiwa utaruhusu, Agosti nitakuja mwenyewe nimwambie kwa mdomo wangu, akiwa na mwanawe. Ukiona ni afadhali nisije nyumbani kwako tena, nitaelewa, ila nitaomba uniandikie mwenyewe.

Nisalimie Mama Shamis, na mdogo wetu Abdiqani, na bibi Muslimo aliyenifunga shuka lake la sufu. Mwambie Filsan namwomba msamaha kwa mkono niliomfinya, na zaidi kwa siri niliyombebesha. Mwenyezi Mungu akufungulie riziki yako na alirudishe jina lako mahali lilipokuwa.

Mpwa wako akupendaye, aliyechelewa kusema kweli,

Nasteho Bare