Kibuyu Changu Mmekishusha Nikiwa Hai

Shamba la mkonge, Kilosa
Jumapili, baada ya chakula

Kwa kaka yangu Ntandu, Ilongero, Singida.

Kaka, shikamoo. Shikamoo nyingine pokea kutoka kwa mke wangu Zena, na za watoto wote watatu, ambao hujamwona hata mmoja. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na shemeji, na mama anaamka vizuri, na goti lake limeacha kumsumbua. Mvua imeshika huko? Ng'ombe wana majani? Sisi hatujambo. Zena alikuwa na kikohozi cha vumbi la mkonge, sasa kimepoa. Mimi mwili ni mzima, ila moyo si mzima, na aliyeuchafua ni wewe.

Mwalimu, wewe unayemsomea kaka yangu barua hii, niwie radhi kwa kuwa hatujuani. Najua walimu wa misheni mna huruma. Mkikuta maneno makali mnayapita haraka, au mnayasoma kwa sauti ya sala. Tafadhali usifanye hivyo. Soma kama nilivyoandika. Kaka yangu ana kifua cha kutoa maneno, basi awe nacho pia cha kuyapokea.

Kaka, juma lililopita waliletwa hapa vibarua wapya kutoka kwetu, na mmoja wao ni Njiku, mtoto wa jirani yetu yule mrina asali. Nilimchukua nyumbani kwangu, nikampa maji ya kuoga, Zena akampikia ugali na kuku. Nikamwuliza habari za nyumbani moja moja kama ilivyo desturi, na akanijibu vizuri mpaka nilipouliza, kwa kucheka tu, kama kibuyu changu bado kinapigwa moshi. Akaacha kula. Akatazama mlango. Halafu akasema kibuyu kilishushwa kabla ya mvua, kwamba aliyekishusha ni wewe kwa mkono wako, uwele ukapikwa uji ukanywewa, na sasa kibuyu mnawekea samli.

Mwalimu, kwa kuwa wewe si mtu wa nyumba yetu, ngoja nikueleze, usije ukadhani nakasirikia samli. Kwetu mtoto akienda mbali, mama yake hupima uwele wa mavuno ya mwaka ule, huujaza kibuyuni, huziba mdomo wake, na kukitundika juu ya mafiga palipo na moshi ili wadudu wasiingie. Hakiguswi. Chakula kikipungua tunaomba kwa jirani, kibuyu kinabaki juu. Siku mwenyewe akirudi, anakishusha kwa mkono wake, mama anampikia uji wake, ndipo watu wanasema amefika. Mkono mwingine hukishusha kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mwenyewe hayupo tena duniani. Baba alishusha cha mdogo wake, yule aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani na Mwingereza asionekane tena. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka jinsi wanawake walivyolia siku ile kuliko hata kwenye misiba yenye maiti.

Sasa, kaka, niambie mimi nimekufa lini. Maana mwaka jana nilimletea mama blanketi jekundu, na mlijibu kwamba limefika. Maiti gani huyo anayenunua blanketi? Nilikuandikia nilipooa. Nilikuandikia Salima alipozaliwa, na Athumani, na huyu mdogo tuliyempa jina la mama. Kama barua zangu hazikutoshi kunihesabu mtu hai, basi ungeniambia mapema, nisingepoteza wino.

Njiku hakutaka kusema zaidi, nikambana mpaka akasema. Anasema ulisimama mbele ya mama ukamwambia, "Mama, asiyekuwapo na lake halipo. Miaka tisa tunalinda moshi, na watoto wangu wanalala na njaa."

Nimeyatafakari maneno hayo hapa uwanjani, nikizunguka katikati ya nyaya tunazoanikia singa, nyuzi za mkonge. Kuhusu njaa, kaka, sina la kubishana. Najua mvua zilichelewa, najua watoto wako ni wanangu, na uji wangu wakinywa wao ni sawa na kunywa mimi. Lakini ungeniandikia. Mstari mmoja tu: Hango, watoto wana njaa, naomba ruhusa ya kibuyu chako. Ningekujibu shusha. Hapo kingekuwa kimeshushwa na mimi kupitia mkono wako, na hakuna mtu ambaye angenihesabu marehemu. Wewe hukuuliza. Ulipanda juu ya kinu, ukanyoosha mkono, ukaniua, ukashuka.

Na hilo la pili linaniwasha zaidi. Njiku anasema kwenye pombe unawaambia watu kwamba Hango haji kwa sababu anaogopa gari moshi. Nani kakwambia? Niliondoka nyumbani kwa miguu wakati reli ilikuwa haijafika Singida. Tukatembea, mimi na vibarua wenzangu, mpaka Manyoni, tukatiwa kwenye behewa la mizigo, milango ikafungwa kwa nje, na tulikuja hivyo mpaka huku, mmoja wetu akitapika njia nzima. Nilipanda, sikulia. Safari ya kwanza ya kurudi ilivunjika kwa sababu Zena alikuwa mjamzito karibu ya kujifungua. Ya pili, mwaka jana, Athumani alishikwa na homa tukiwa tayari pale stesheni, tukarudi. Yote nilikuandikia. Na hata kama mtu angeogopa, watu wa huku husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi si mwoga. Mimi ni mtu wa kujiandaa, na ili ujue nitakueleza maandalizi yangu.

Kwanza, nimekwenda stesheni mara nne kumwuliza karani wa tiketi. Nilitaka kujua gari linasimama muda gani Gulwe, muda gani Dodoma, na kama mtoto akitaka kujisaidia linaweza kungoja. Nilitaka kujua pia habari za reli inayopita kando ya mto Mkondoa, kwa sababu kila masika maji hula tuta lake, na kila mtu hapa Kilosa analijua hilo. Mara ya nne aliweka kalamu chini akaniambia, mbele ya watu, kwamba gari linakwenda Manyoni, haliendi ahera. Watu wakacheka. Kijana yule nina umri wa kumzaa, na kuuliza si ujinga.

Pili, watoto nimewafundisha. Hapa shambani kuna vitoroli vya kubebea majani ya mkonge, vinavyokwenda juu ya reli nyembamba. Jumapili mbili zilizopita niliomba ruhusa, nikawapandisha Zena na watoto, nikapanda na mimi, tukasukumwa kutoka kiwandani mpaka kwenye daraja dogo na kurudi. Nilitaka wazoee mtikisiko. Watoto walifurahi, wakataka tena. Zena alicheka mpaka akajishika mbavu, akauliza kwa nini mwalimu wa safari amefumba macho. Nilimwambia ni vumbi.

Tatu, washauri. Kaka, sijui kwa nini mtu akitangaza safari kila mwenye mdomo anageuka kuwa bingwa. Mmoja anasema tukae behewa la mbele, mwingine anasema la mbele ndilo linaloumia kwanza. Mpishi wa Bwana Mkubwa wa shamba, ambaye hajavuka Dodoma maisha yake yote, ameniambia kwamba pale Saranda gari likipanda mlima hurudi nyuma kama punda aliyechoka. Kwa nini anifuate mlangoni kunieleza hayo? Nikamwambia arudi kwenye sufuria zake. Na Zena, ambaye ni Mluguru na hajawahi kuona nchi isiyo na milima, anataka kubeba mkungu mzima wa ndizi na kinu chake kidogo, kwa kuwa eti hajui kama kwenu mna vinu. Hilo la vinu nalo liliniuma.

Kaka, kuna jambo moja Njiku alilitoa mwisho kabisa, baada ya kula. Alifungua kitambaa kiunoni akatoa pindo la kanga ya mama, lililokatwa na kufungwa fundo. Ndani mna uwele, kiasi cha kujaza kiganja cha mtoto. Mama aliukomba ndani ya kibuyu wakati shemeji alipokwenda kisimani, kabla hakijaoshwa. Alimfuata Njiku njiani asubuhi ya safari, kwa goti lile, akampa na kumwambia, "Mpe mkononi. Mwambie aje auning'inize mwenyewe, ndipo aushushe mwenyewe."

Niliunusa. Una moshi wa nyumbani, kaka. Nilikaa na uwele ule mkononi, Zena akawatoa watoto nje, akaniacha.

Asubuhi yake nilichukua kopo, nikatia udongo, nikapanda punje kumi. Nilitaka kuona. Niliweka kopo mlangoni, Salima akawa analimwagilia kwa zamu na mimi. Leo ni siku ya saba. Uwele hautaki siku nyingi, wewe unajua, siku ya nne ungekuwa umetoboa. Haikuota hata moja. Salima aliniuliza kwa nini, nikamwambia zimekaa sana. Ndipo nikavaa shati, nikaenda stesheni mara ya tano, na safari hii sikuuliza habari za mto. Niliuliza siku tu, nikanunua tiketi.

Basi sikiliza mpango, na mwalimu ausome mara mbili. Kipande changu cha kazi kinakwisha mwezi huu, na Bwana Mkubwa amenipa ruhusa ya miezi miwili. Mwezi mpya ukiandama tutahesabu siku tatu, ya nne tutapanda hapa Kilosa. Manyoni tutashuka tungoje gari la Singida, ambalo haliji kila siku, kwa hiyo msianze kuhesabu siku na kusema tumepotea. Tukifika Singida tutalala kwa mtani wetu yeyote, halafu tutaanza kutembea. Nakuomba ulete punda mmoja stesheni, kwa ajili ya mtoto mdogo na kinu cha Zena. Ulete wewe mwenyewe, usitume mtu. Nataka tuonane kwanza tukiwa wawili njiani, tugombane tumalize, tufike kwa mama tukiwa ndugu.

Kibuyu kioshe kwa maji ya moto na majivu mpaka harufu ya samli itoke. Usikitundike. Kiweke chini, karibu na mafiga, kingoje. Na kwenye pombe wale uliowaambia kwamba naogopa, waambie waje siku hiyo wahesabu watu watakaoteremka.

Mnisalimie shemeji yangu, mke wako, na umwambie simlaumu kwa uji, aliupikia watoto. Msalimie dada yetu aliyeolewa Shelui, akipata nafasi aje. Msalimie mjomba mchunga ng'ombe, na baba yake Njiku, na umwambie kijana wake amefika salama na anakula kwangu. Nawasalimu watoto wako wote. Waambie baba yao mdogo si mzimu.

Ni mimi mdogo wako niliye hai,
Hango

Mwalimu, kaka akishasikia hayo yote, nakuomba umwombe atoke nje akatazame ng'ombe. Haya yaliyobaki msomee mama peke yake.

Mama, shikamoo. Pindo la kanga yako nimelipokea mkononi kama ulivyosema. Mama, mwaka jana Athumani hakuwa na homa. Tulikuwa stesheni, watoto wamevaa nguo mpya, gari likaja linapumua, na miguu yangu ikakataa. Nikamshika mtoto paji la uso, nikamwambia Zena anachemka. Zena alimgusa naye, akanitazama, akabeba mzigo tukarudi. Kaka anasema kweli kuhusu mimi na hilo ndilo linalonikasirisha.

Safari hii Zena ameshika tiketi zote yeye. Ameniambia kwamba gari likija atapanda na watoto, na kama nitabaki kwenye mchanga nitabaki peke yangu, lakini wajukuu wako utawashika. Namwamini. Kwa hiyo watoto watakuja, mama, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Uwele umo mfukoni mwangu, sikumpa Zena. Ukimwona ameshuka peke yake na watoto, usinitundikie kibuyu kingine.