Mama mukwe aliniona nikila kichwa cha samaki ndani ya bato

Mama Cécilia wa gazeti, jambo sana. Nakuomba unisaidie, lakini usinifundishe kama mutoto, maana mimi ni Hippolyte wa Wamaza, mulimaji wa pamba wa kwanza katika sehemu yetu yote, na barua hii naiandika kwa mukono wangu, sikuomba karani.

Mwaka huu kompani ya pamba ilinipa zawadi, tikiti za bato, meli ya mtoni, mimi na muke yangu Louise, kutoka Kindu mpaka Ponthierville na kurudi, kutembea tu bila kazi, kama Wazungu wakipata konje, mapumziko yao ya kazi. Kwetu Wamaza nani mwingine alipata? Hakuna. Nikavaa koti, tukapanda kamyo, tukapanda treni, tukafika Kindu, na hapo nikaona Wazungu wanakaa juu kwenye viti vya kitambaa, sisi tunawekwa katika barji, ile sanduku kubwa ya chuma wanaifunga kando ya bato, na watu wamejaa mpaka mutu akitaka kugeuka ubavu lazima aombe ruhusa kwa majirani watatu, na mbuzi, na magunia ya mchele, na bata za mutu wa Kibombo zilizonichafulia koti siku ya kwanza. Kwenda choo, unapanga mstari tangu asubuhi. Lakini Mama, ilikuwa raha! Upepo wa maji, fono ya sahani inaimba kule juu kwa Wazungu, watu wa mtoni wanakuja na mitumbwi kukamata kamba ya bato, wanauza samaki na kwanga, ile mikate ya muhogo, huku bato inatembea, na Alimasi, mufanyakazi wa bato, anapiga kelele, "Toeni miguu kwenye njia yangu!" na njia yenyewe haiko.

Sasa shida. Natandika mukeka, nani iko kwenye mukeka wa pili? Mama mukwe wangu, Mama Faida, mama ya Louise, anakwenda Ponthierville kuona mapacha ya mutoto wake Gaston. Louise alijua, akanyamaza. Na unajua desturi yetu, miaka makumi tatu sijala mbele ya huyu mama, nikimuona njiani naingia katika majani, na yeye vilevile. Katika barji majani iko wapi? Louise akatundika kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, katikati. Siku mbili nikala nimegeukia magunia, natafuna polepole asisikie meno.

Siku ya tatu joto lilizidi, nikavua shati, nikakamata kichwa cha kambale kwa mikono miwili, na upepo ukanyakua kikwembe, kikaenda na maji. Barji yote wakatugeukia. Mama mukwe ananitazama, mimi namutazama, mashavu yamejaa. Akasema, "Mukwe, hicho kichwa nilikinunua mimi." Nikajibu, "Mama, kimekwisha fika." Watu wakacheka mpaka Alimasi akakaa chini. Nikafikiri, nimekwisha kuonekana, nifiche nini tena? Tukala pamoja siku zote zilizobaki, na nakuambia, huyu mama anajua kuiga watu, aliiga kapiteni, akaiga mwenye bata, nikalia kwa kucheka. Nikamuhadithia pamba yangu, akauliza, "Hiyo pamba, mukwe, ulilima wewe ao Louise?" Hata hapo nilicheka.

Kurudi, mambo yakaharibika. Wajomba wa Louise walisikia, wanasema nilete mbuzi kwa sababu nilikula mbele ya mama mukwe. Nimekataa. Kikwembe kiliangushwa na upepo, basi upepo ulete mbuzi! Na yeye pia alikula mbele yangu, tena kuliko mimi. Louise amekwenda kwa mama yake, aliyekwisha rudi kwao kutoka Ponthierville, huu ni mwezi wa pili, anasema bila mbuzi harudi. Juzi nilikwenda kumuchukua. Mama mukwe aliponiona akafunika uso, akaingia nyumba, kama hatukula chombo moja. Hiyo iliniuma, sijui kwa nini. Mbuzi ninao kumi na moja, sikosi mbuzi. Lakini mimi Hippolyte sikufanya kosa. Niambie namna ya kurudisha muke yangu bila kuinama.

Hippolyte, Wamaza

*

Baba Hippolyte,

Jambo, na pole kwa koti. Barua yako niliwasomea wanawake wenzangu, tukacheka sana, kisha tukamkasirikia mwandishi kidogo kwa ajili ya Louise.

Unasema nisikufundishe. Basi ungebaki na barua yako nyumbani. Uliposikia "mbuzi" ulikasirika kabla ya kuuliza ni mbuzi ya nini. Wewe mtu mzima hujui? Mbuzi ya mukwe si malipo ya kosa. Ni ya kuondoa haya. Mama mukwe akiisha kula nyama yake, tangu siku hiyo mnaweza kukaa pamoja, kusemezana na kula chombo kimoja mbele ya watu wote. Wengine wanaileta kwa mapenzi tu, hata upepo haujavuma. Ninyi mlianza na chakula, mbuzi ikabaki nyuma. Wajomba wanakuomba umalize ulichoanza.

Unafikiri Mama Faida amefunika uso kwa kiburi? Ndani ya barji walimjua wangapi? Kwao wanamjua wote, na bila mbuzi ni yeye watamwita mama asiye na haya. Anakungoja, na wewe unapima nani alikula zaidi! Louise naye hakukukimbia, amekaa kumkinga mama yake na maneno ya watu. Miaka thelathini anabeba salamu zako huku na salamu za mama huku. Ana haki ya kuchoka.

Umeandika kwamba iliuma, hujui kwa nini. Mimi najua. Umepata rafiki katika uzee wako, rafiki huyo ni mama mukwe, na unaona aibu kusema.

Fanya hivi. Chagua mbuzi mnono, si yule kilema uliyemfikiria sasa hivi. Umpeleke wewe mwenyewe, Jumamosi hii, mapema. Mbele ya wajomba sema, "Nimeleta mbuzi ya mama," kisha nyamaza. Usitaje upepo. Usitaje pamba. Wakikucheka, cheka nao. Nyama ikiletwa, ngoja mama aanze, ndipo ule. Louise usimvute mkono, atafunga mizigo yake mwenyewe.

Na usijibu barua hii. Mama Faida ni mzee, na wewe pia, hata kama umri wako hukuuandika. Kicheko mlichokipata mtoni hamna miaka mingi ya kukiweka akiba. Kamfungue mbuzi.

Mama Cécilia