Baba, Sangara Wako Wamefika Norwei

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia. Ungeuliza nimelelewa na nani.

Nina habari, na wiki nzima nimetembea nayo nikikosa wa kumpa. Mama nimemwambia, akafurahi, akaendelea kuchambua mchele. Kaka Masanja nimemwambia, akaniuliza kama sasa nitanunua gari. Wewe ndiye ungeielewa. Lile soko la mtandaoni la kazi za mikono, lile ulilolicheka, limeliweka duka letu kwenye ukurasa wake wa mbele. Mtu yeyote duniani akilifungua, kitu cha kwanza anachokiona ni waleti ya ngozi ya sangara, na chini yake kuna jina lako. Si langu. Lako. Duka linaitwa Fundi Makoye.

Siku nilipolifungua ulikuwa kwenye kibanda chako cha viatu pale Kirumba, misumari mdomoni. Nilikuonyesha kwenye simu. Ukaangalia, ukaitoa misumari mmoja mmoja, ukaniuliza, "Sasa Milembe, duka halina mlango, mteja anaingilia wapi?" Tulicheka mpaka jirani anayeuza vocha akaja kuona kuna nini. Lakini kesho yake ulikuja umevaa shati la kanisani, ukataka nikupige picha ukishona. Nikaipiga picha mikono tu. Ulininunia mpaka jioni kwa sababu shati halikuonekana.

Tuseme ukweli, Baba, hakuna aliyetuelewa. Viatu vya ngozi ya ng'ombe watu walinunua. Lakini wewe ulikuwa unazichukua ngozi ambazo Mama Neema, muuza mapanki, yale mabaki ya samaki wa kiwandani, angezitupa, unazikwangua magamba, unaziloweka nyuma ya nyumba, na mtaa mzima unaziba pua. Mjomba alikuja kukusema mbele ya Mama kwamba unaiaibisha familia. Mteja mmoja aliigeuza waleti yako mara mbili, akainusa, akairudisha mezani, akasema, "Mzee, samaki analiwa, havaliwi." Wewe ulimshukuru kwa kupita. Mimi nilitamani kumrushia kiatu.

Miezi saba duka halikuuza kitu. Kisha ukaugua, na yale mengine. Sitayaandika. Uliyaona mwenyewe.

Oda ya kwanza iliingia siku tisa baada ya kukuzika. Nilikuwa kazini Nyegezi, kwenye duka la vifaa vya shule, namhudumia mama mmoja aliyetaka madaftari. Simu ikalia. Mtu wa Kanada anataka waleti ya Fundi Makoye. Nilimwacha yule mama na madaftari yake, nikaingia stoo, nikalia hadi bosi akanifuata. Sikujua kama nalia kwa furaha au kwa hasira ya zile siku tisa. Mpaka leo sijui.

Ulikuwa umeacha waleti kumi na nne sandukuni. Zote zilikwenda. Halafu akaniandikia mama mmoja wa Norwei, anaitwa Ingrid. Mwanawe anaoa, na ukoo wao ni wavuvi tangu babu wa babu, hivyo anataka waleti kumi na mbili za ngozi ya samaki awape wanaume wa ukoo siku ya harusi. Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri. Nilipoweka simu chini ndipo nilipofikiri. Kukata ulinifundisha. Kushona na kung'arisha ulinifundisha. Lakini kuitengeneza ngozi yenyewe hukunifundisha. Kila nilipokuomba ulinijibu, "Hiyo harufu niachie mimi, wewe bado hujaolewa."

Nilijaribu. Nilichemsha magome uliyoyaacha kwenye gunia, nikayafanya makali kadiri nilivyoweza, nikazitumbukiza ngozi. Zikatoka ngumu kama bati kwa nje, na ndani zimeoza. Nikarudia, zikaoza tena. Mama, ambaye alikuvumilia wewe miaka yote, mimi nilimshinda. Alikwenda kumwaga ndoo mwenyewe.

Masanja akaja na wazo. Dar kuna watu wanauza ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa ya magamba, ukiitazama huwezi kutofautisha. Akasema yule mzungu hatajua. Nakuungamia, Baba, kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia: niliomba namba ya simu ya hao watu. Nikawapigia. Walipopokea nikawa naangalia ile picha ya mikono yako dukani, na maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe chini yake, kwamba hii ni ngozi ya sangara wa Ziwa Viktoria. Nikakata simu.

Nikamwandikia Ingrid ukweli wote. Kwamba fundi amefariki, kwamba mimi ni binti yake na sijui alikuwa anafanyaje, kwamba ngozi zimeoza mara mbili, na kama anataka fedha yake nitairudisha leo. Alijibu siku ileile. Aliandika, "Baba yangu pia aliondoka na mambo mengi kichwani. Jaribu tena, nitasubiri."

Nilikwenda kwa Mama Neema nikamuuliza anachokumbuka. Akaniambia magome hukuwa unayapata mjini, kila Ijumaa ulikuwa unavuka ziwa kwenda Kamanga. Na mimi miaka yote nilidhani unakwenda kutembelea rafiki! Nikapanda kivuko. Upande wa pili nikauliza, nikaelekezwa kwa Mzee Lutema, yule anayebandua magome ya migunga. Nilipomwambia mimi ni nani, akaanza kukusalimia kupitia kwangu, akauliza mbona Ijumaa nyingi huonekani. Hakuwa amesikia. Nikamwambia. Alisimama, akavua kofia, akaishika kifuani. Kumbe kweli ulikuwa unakwenda kutembelea rafiki.

Alipokaa tena, akanieleza. Kosa langu lilikuwa kuanza na maji makali. Yanaikaza ngozi juu, ndani hayaingii. Siku ya kwanza maji yawe mepesi, kisha unaongeza magome kidogo kidogo kila siku. "Baba yako alikuwa anayaonja kabla ya kuzilaza ngozi," akasema. "Ya kwanza kama chai ya mgonjwa. Ya mwisho yanakukamata ulimi." Nikakukumbuka unarudi ndani meno yamegeuka rangi ya kahawia, na Mama anakutuhumu kuwa umeanza kutafuna tumbaku. Nilicheka mbele ya Mzee Lutema huku machozi yananitoka. Akanifungia gunia, akanikataza kabisa nisilibebe mwenyewe mpaka kivukoni.

Siku kumi na mbili nilionja maji yale, Baba. Machungu! Siku ya kumi na mbili nikaitoa ngozi ya kwanza, nikaipaka mafuta, nikaiwamba kivulini. Ilipokauka nikaikunja, nikaifungua. Haikuvunjika. Ikalala mkononi kama kitambaa, na mistari yake yote ya magamba ipo. Mama alitoka jikoni, akaichukua, akaipitisha shavuni. Akasema, "Hii ni ya baba yako." Kisha akarudi jikoni haraka, na mimi sikumfuata.

Waleti zilifika siku nne kabla ya harusi. Ingrid alinitumia picha. Wanaume kumi na wawili wamesimama gatini kwenye bahari yao ya baridi, suti nyeusi, kila mmoja ameinua waleti yake juu. Yule mzee kuliko wote haangalii kamera. Ameifunika pua kwa waleti, ananusa, na anacheka.

Ingrid aliyaandika yote pale dukani, kwenye sehemu ya maoni ya wateja: habari zako, za ngozi zilizooza, za kungoja kwake. Watu wakaanza kuja. Japani. Brazili. Mahali ambapo ilibidi nipatafute kwenye ramani. Nikaacha kazi Nyegezi. Tukapata karakana kule njia ya Kisesa, mbali na pua za watu, tuko wanawake saba, na Mama Neema ndiye bosi wa ngozi. Ukiloweka vibaya anakufukuza hadi barabarani. Posta, dada wa kaunta akiniona na magunia yangu ya vifurushi anawaambia wenzake wasogee, mama samaki kafika. Mjomba siku hizi akitambulishwa mahali anasema yeye ndiye mjomba wa Fundi Makoye, wala hatuoni haja ya kumsahihisha. Na mwezi uliopita bwana harusi wa hapahapa Nyakato alikuja mwenyewe kupimwa kiuno. Anataka mkanda. Amefunga ndoa akiwa ameuvaa. Sangara anavaliwa, Baba, hata hapa Mwanza!

Basi hiyo ndiyo habari yangu. Imebaki moja.

Watu wanakuja kuniomba niwafundishe. Masanja anasema niifiche kazi hii, ndiyo mtaji wetu. Nimemsikiliza, na nimekataa. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi kubwa, siku baada ya siku, magome kiasi gani, maji yawe na ladha gani, nikaibandika ukutani mahali ambapo yeyote anayeingia ataisoma. Jumatatu wanakuja wanawake wanne wa Kamanga, Mzee Lutema ndiye aliyewaleta. Wakishajua, watafundisha wengine, na kama siku moja watafungua maduka yao karibu na la kwetu, sawa.

Nakuahidi, Baba: kazi hii haitaingia tena kaburini na mtu mmoja.

Pumzika sasa. Mikono yako imefanya vya kutosha.

Binti yako,
Milembe Makoye, fundi.