Visogo Arobaini

Jumatatu, 10 Juni 2024

Shule imefungwa, mimi nimefunguliwa kesi. Bi. Tollefson, mwalimu anayesimamia kitabu chetu cha mwaka, kile cha picha za wanafunzi wote, alitandaza picha zangu zote mezani akahesabu visogo. Arobaini! Visogo vya wachezaji, visogo vya kwaya, hata kisogo cha mkuu wa shule. Akasema napiga picha kama mtu anayevizia. Kweli tupu. Naona haya kumwambia mtu ageuke.

Adhabu (yeye anaiita mazoezi): nipige sura kumi za watu likizo hii. Kila sura na jina ambalo mwenyewe ameliandika kwa mkono wake, na jambo moja la maana alilolisema. Mwisho tarehe mosi Agosti. Nikishindwa, kamera anapewa mwingine, mimi nitazunguka madukani kuomba matangazo ya kitabu. Afadhali nioshe vyoo.

Tisa nichague mwenyewe. Ya kumi kaichagua yeye: Janelle Hruska.

Janelle tulikaa meza moja ya kemia mwaka mzima. Na kwenye kitabu, jina lake liko nyuma kabisa, katika orodha ya wasio na picha. Kurasa za darasa letu nilizipanga mimi.

Alhamisi, 20 Juni

Sura ya kwanza: Baba. Ni kuiba mtihani, lakini mtu huanzia kwao. Akauliza kama ni lazima ageuke, maana alisikia mimi ni fundi wa visogo. Haya, acheke.

Nikamwuliza kama anapenda kazi ya ghala la mahindi. Ndiyo. Kama inachosha. Ndiyo. Mahojiano yakafia hapo.

Nimempigia simu Bi. Tollefson. Kasema nisiulize swali la kujibiwa ndiyo. Na mtu akimaliza kujibu — ninyamaze, nihesabu kimoyomoyo mpaka tano. Watu hawawezi kuvumilia kimya, watakijaza wenyewe.

Jumapili, 7 Julai

Inafanya kazi! Bi. Orpha, mpiga kinanda wa kanisani. Nikamwuliza ni siku gani alikosea vibaya zaidi. Akasema hajawahi. Moja, mbili, tatu, nne... akaungama kwamba kwenye harusi ya dada yake alipiga wimbo wa mazishi, na aliyegundua ni bwana harusi peke yake. Alicheka mpaka miwani ikamteleza. Nimeinasa! Meno yote nje. Sasa nina sura nne.

Jumanne, 16 Julai

Saba. Ya leo ni mwokoaji wa bwawa la kuogelea, pua imembabuka kwa jua. Nimeanza kuringa.

Nimepita kwa kina Hruska mara mbili na baiskeli. Sikusimama.

Ijumaa, 26 Julai

Tisa. Kesho Janelle anaonyesha nguruwe wake kwenye maonyesho ya wilaya. Baba kasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Naogopa.

Jumamosi, 27 Julai

Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, banda la nguruwe, joto la kuivisha mkate. Waamuzi wanaanza saa nane.

Nilimkuta akimsugua nguruwe kwa brashi. Nikampiga picha tatu kabla hajaniona. Visogo vyote! Nikajiona mjinga. Nikamwita jina. Akageuka.

Nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba kurasa zile nilizipanga mimi, kwamba nilikuwa na nafasi ya kumpiga picha kila siku na sikumwomba, kwamba naomba radhi. Halafu nikamwuliza alifanya nini siku alipokipata kitabu.

"Hakuna," akasema, akarudi kwa nguruwe.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Nilikisoma chote, Corinne. Ukurasa kwa ukurasa, nikijitafuta. Nilidhani labda niko nyuma ya mtu."

Macho yakanijaa, nikasingizia vumbi la makapi. Picha nimepiga hata hivyo — uso mzima, brashi mkononi, ananitazama moja kwa moja. Haina tabasamu. Ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Jina ameliandika mwenyewe, daftarini humu humu.

Nikamwambia pia ile hila ya kuhesabu. Nilidhani atakasirika. Alicheka!

Kisha akanyoosha mkono, akataka kamera, nikampa.

"Nilikutafuta na wewe," akasema. "Hukuwamo hata mara moja."

Sikuwahi kufikiria hilo. Nimesema nimechafuka, nywele zimenishinda, mimi ni wa upande huu wa kamera. Akasema sawa, niendelee kuandika, yeye hana haraka. Nguruwe amelala. Nimeinamisha kichwa. Naona viatu vyake tu, vimejaa matope, hatua mbili mbele yangu. Hasemi neno. Lazima ananihesabia.

Mbili. Tatu.

Shingo inaniuma. Nne —