Kwa Shangazi, Ambaye Sauti Yake Niliifuta Mimi

Mwaka umetimia, shangazi, tangu figo zikushinde kule hospitali ya mji wa Alice ukatuacha. Jina lako bado hatulitaji. Picha yako pale kwenye ofisi yetu ya filamu bado imefunikwa kitambaa. Tunakuita Kumanjayi, kama tunavyomwita kila aliyeondoka.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa kwangu nikitikisa maiki. "Jangala, hiyo maiki au fimbo ya kupigia nyoka?" Halafu mchana unanikatia mkia wa kangaruu, kipande chenye mafuta. Shule niliikimbia. Kwako nikakaa.

Ulinifundisha kwamba filamu za makala ziko za aina nyingi. Kuna zenye msimulizi anayejua kila kitu, sisi wenyewe tunabaki kupunga mikono tu. Kuna za kuigiza mambo ya zamani. Kuna zile kamera inanyamaza, inaangalia. Zote ulijaribu. Ya kwako ikawa moja: unauliza, unajibiwa, na sauti yako unaiacha humohumo. "Watu wajue nani kauliza," ulisema. "Kwetu jibu hapewi kila mtu."

Sasa nasema mbele ya wote wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu. Wiki ya msiba nilikaa na filamu yako ya mwisho, ile ya kisima cha mawe. Sauti ya marehemu haisikiki kwetu mpaka familia iruhusu. Nikaogopa mtu ataiwasha, bibi, mama yako, akusikie. Nikakufuta. Swali moja moja. Na nakala pia. Kumbe ingetosha kuifungia kabatini.

Nilipomwambia baba, akasema: "Mwanangu, sisi tunafunika. Nani alikwambia uchome?"

Basi kwenye filamu mzee Jakamarra, uliyekuwa unamhoji, yuko pale kwenye mawe, anajibu hewa.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Brendan wa televisheni akapiga simu. "Kaka, hii filamu ina mashimo. Naweka msimulizi, nina mtu wa Sydney ana sauti nzuri. Hutaki, Ijumaa naitoa kwenye ratiba."

"Mwenye kuamua ni bibi."

"Bibi si haongei?"

Kweli. Bibi Nungarrayi hakufungua mdomo mwaka mzima kwa msiba wako. Anaongea kwa mikono, kama mila inavyotaka. Nilimwuliza mara tatu. Mara tatu mkono ukasema: subiri.

Jumanne wanawake wakamfungulia mdomo kimila, akaruhusiwa kuongea tena. Jumatano nikamwekea filamu ukumbini, mapazia chini. Nilichofanya sikuwa nimemwambia. Nikajishikiza ukutani. Dada yangu Nangala akaninong'oneza, "Ukizimia mimi sikubebi."

Jakamarra akatokea. "Pale hatuchimbi," akasema. Halafu kimya. Anaangalia pembeni ya kamera, ulipokuwa umekaa wewe. Sikuthubutu kugeuka nimwone bibi.

Siku ile ya kurekodi yeye alikuwepo, shangazi, unakumbuka. Alikaa nyuma yako, shahidi wa maneno, kama inavyotakiwa. Kila ulichouliza alikisikia.

Bibi akainama mbele. Sauti imekauka, mwaka haijatumika. "Kwa nini hamchimbi?"

"Kwa sababu baba alikataza," akajibu Jakamarra kwenye kioo.

Bibi akacheka. Akalia. Halafu akanigeukia.

"Umemfuta."

"Ndiyo, bibi."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo, bibi."

Akajifuta uso kwa sketi. "Rudisha mwanzo. Lete hiyo maiki. Na usiitikise."

Ijumaa filamu ilionyeshwa bila msimulizi. Anayeuliza humo ni mama yako, na anauliza maneno yako. Maiki nilishika mimi, na haikutikisika.

Jumapili bibi mwenyewe atakitoa kile kitambaa kwenye picha yako.

Tunaokukumbuka: mama yako Nungarrayi, mumeo Japangardi, kaka yako Jampijinpa, baba yangu, Nangala, na mimi, Jangala. Nilikufuta kwenye kanda, shangazi. Kwetu hufutiki.